“Si Umpigie Simu Tu!”: Kwa Nini Shujaa wa Tanzia Huangushwa na Ndugu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaongoza kikundi cha sanaa cha vijana hapa Kirumba, Mwanza. Tumetunga tamthilia ya tanzia. Mzee Masalu ana mitumbwi minne ya uvuvi na wana mapacha, Kulwa na Doto. Doto anaghushi ujumbe wa simu na kumwonesha baba, kwamba Kulwa anangoja mzee afe ili auze mitumbwi na injini zake. Mzee anamfukuza Kulwa. Kulwa anaingia ziwani usiku na mtumbwi mbovu, anazama. Mzee anaujua ukweli, anakufa kwa uchungu. Siku ya kwanza tulipoonesha, watu walicheka. Kwenye onesho la ujumbe, mama mmoja alisimama akapaza sauti: “Si umpigie simu tu!” Ukumbi ukaangua kicheko na hatukuweza kuurudisha. Tumekosea wapi? Na la pili: shuleni tulifundishwa kwamba shujaa wa tanzia huangushwa na dosari yake mwenyewe. Kama ni hivyo, ndugu msaliti ana kazi gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kicheko, ila huyo mama msimkasirikie. Mhakiki wa namna yake wengine tunamtafuta miaka mingi hatumpati. Alisema alichokiona: baba yuko hapa, mwana yuko pale, simu iko mkononi mwa baba. Njia ilikuwa wazi. Mtu akiona mlango uko wazi na mwenye nyumba anahangaika kutokea dirishani, atafanya nini zaidi ya kucheka?

Nitaanza na swali lake, maana ni zito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Kwa nini mzee hapigi simu? Mkiweza kulijibu hilo jukwaani bila mtu kusimama kueleza, mmepata tanzia. Mkishindwa, mna kichekesho chenye maiti.

Jambo la undugu Aristotle aliliona mapema, karne ya 4 kabla ya Kristo, alipoandika kuhusu ushairi na tamthilia. Adui akimuua adui, anasema, hatuoni huruma zaidi ya ile inayokuja na kifo chenyewe. Watu wasiojuana vilevile. Lakini ndugu akimkusudia ndugu, mwana baba yake, mama mwanawe, hapo ndipo mtunzi achimbe. Akaona pia kwamba watunzi wa Kigiriki walikuwa wakirudi kwenye nyumba zilezile chache, ya Edipode, ya Orestes, ya Thyestes. Yeye alikuwa akimfikiria mtazamaji: nini kinamtia hofu, nini kinamtia huruma. Mimi ni mtu wa jukwaani, kwa hiyo linalonisumbua ni la kifundi. Kwa nini uongo wa ndugu unapita pale ambapo uongo wa mgeni ungekwama?

Jibu liko hapo hapo mwaloni kwenu. Dagaa wa mtu usiyemjua utawapima, utazamisha mkono mpaka chini ya gunia kuona kama wa juu ndio walewale wa chini, noti utazihesabu mara mbili, na hakuna atakayenuna. Sasa mdogo wako wa tumbo moja akuletee hesabu ya jana, nawe uihesabu mara mbili mbele yake. Umemtukana. Wahenga walisema ukimchunguza sana bata huwezi kumla, na nyumba nyingi zinasimama juu ya methali hiyo. Nyumbani ni mahali ambapo mizani haiwekwi mezani. Wala sisemi ni uzembe. Ndiyo raha yenyewe ya kuwa na kwenu.

Halafu angalia ni nani hasa anayesimama hapo pasipo na mizani. Kwetu mambo mazito hayasemwi uso kwa uso. Kijana hamwambii baba yake kwamba anataka kuoa. Anamwambia mjomba, au anakwenda kwa bibi, nao wanalifikisha kwa maneno yaliyooshwa. Kuna mshenga wa posa, kuna shangazi, kuna kaka mkubwa anayebeba kilio cha wadogo. Ni kazi ya heshima na bila hiyo familia zingepasuka kila wiki. Msaliti wa tanzia, kila nikimtazama, namwona ni mshenga aliyeila njia. Anajiweka katikati ya watu wawili wanaopendana mpaka hakuna neno linalofika upande wa pili bila kupita kinywani mwake. Akishafika hapo hahitaji nguvu. Hahitaji hata uongo mwingi.

Fundi mkubwa wa kazi hiyo, kwa maoni yangu, ni Edmund wa Shakespeare. Watu wakiitaja tamthilia ya Mfalme Lear, iliyoandikwa 1605 au 1606, wanamkumbuka mfalme na mabinti zake watatu. Lakini mle ndani kuna nyumba ya pili, ya bwana mmoja aitwaye Gloucester, mwenye wana wawili: Edgar wa ndani ya ndoa na Edmund wa nje. Wamepishana miezi 12 au 14 tu, na Edmund analalamika kwamba kwa miezi hiyo ananyimwa kila kitu. (Doto wenu amepishana na Kulwa dakika! Hamjaitumia hata kidogo, na ni dhahabu hiyo.) Edmund anaghushi barua ya Edgar, ikisema kwamba wazee wamekalia mali muda mrefu mno na vijana wanangoja bure. Mpaka hapo hana tofauti na Doto.

Tofauti iko katika namna ya kuifikisha. Edmund hampi baba yake barua. Baba anaingia, yeye anaisokomeza mfukoni kwa haraka ya mtu aliyefumwa. Unasoma nini? Si kitu, bwana. Kama si kitu, mbona umeficha kwa kasi hiyo? Edmund anaomba radhi, ni barua ya ndugu yangu, sijaimaliza, na niliyoyasoma hayafai macho yako. Kufikia hapo baba ndiye anayeng’ang’ania, na mwongo amekuwa mwana mwema anayelazimishwa. Barua ikishasomwa, wa kwanza kumtetea Edgar ni Edmund: labda ameandika kunijaribu tu, baba. Niliwahi kuliongoza onesho hili na vijana, na aliyekuwa Edmund alimkabidhi mzee barua kama karani wa dukani anayetoa risiti. Tulirudia jioni nzima. Mwishowe nikamwambia aifiche kama ambavyo angeficha barua ya mpenzi mama yake akiingia chumbani. Ikawa kimya ukumbini, hata wasaidizi waliokuwa wakikunja mapazia walisimama.

Linganisha na Doto. Anaingia, ananyoosha simu, “Baba, ona.” Mtu anayeleta ushahidi mwenyewe ana haja nao, na kila mama aliyewahi kusikiliza kesi ya watoto wake analijua hilo.

Sasa lile la simu. Gloucester na Edgar wanakaa nyumba moja. Kumwita ni kupaza sauti tu, na mzee anauliza kweli: yuko wapi? Edmund anamshauri avute subira. Ukimkabili sasa ukakuta umekosea, heshima yako itapasuka. Ngoja, jioni hii hii nitakuweka mahali utusikie tukizungumza, usikie kwa masikio yako. Ni ushauri wa mtu mwenye busara, nami ningeufuata. Muda si mrefu anakutana na Edgar na kumwambia: baba amekukasirikia sana, usimsogelee mpaka apoe, na ukitoka nje, toka na silaha. Usimwite bado. Usimsogelee bado. Kwa maneno hayo mawili njia imeliwa pande zote, na kila upande unaamini Edmund ndiye anayeutetea. Baadaye Edmund huyohuyo anamchongea baba yake kwa wakubwa, Cornwall, mkwe wa Mfalme Lear, anamng’oa mzee macho, na mzee, damu ikimchuruzika, anamwita Edmund amlipizie kisasi. Ndipo Regan, binti wa Lear na mke wa Cornwall, anamwambia aliyemchongea ni nani. Macho yakiwa yameshatoka.

Wagiriki walishalijua hili la njia kuliwa miaka karibu 2,000 kabla ya Shakespeare. Katika tamthilia moja ya Euripides, Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anamwandikia mkewe amlete binti yao Iphigenia kambini Aulis, aolewe na Achilles. Hakuna ndoa, binti anatakiwa kuchinjwa kafara ili upepo uvume na meli ziende vitani. Halafu moyo unamrudi baba. Anaandika barua ya pili, msije. Mtumishi mzee anaondoka nayo, na Menelaus, ndugu yake Agamemnon mwenyewe, anamnyang’anya. Barua ya uongo ilifika salama. Ya kweli ikaishia mikononi mwa ndugu.

Usije ukafikiri, basi, kwamba dawa ni kupiga simu. Yupo shujaa mmoja ambaye hafanyi kazi nyingine isipokuwa hiyo. Katika Mfalme Edipode ya Sophocles, ambayo S. S. Mushi aliileta kwa Kiswahili mwaka 1971, mfalme anataka kujua nani alimuua Laius aliyetawala kabla yake. Anamtuma shemeji yake Delphi, kwenye hekalu la kuulizia miungu. Anamwita Tiresias, mwaguzi kipofu. Anamhoji mjumbe kutoka Corinth. Mkewe anamsihi aache kuuliza, yeye anaagiza mchungaji mzee aletwe. Kila simu inapokelewa, mwanangu, na kila jibu ni la kweli, na mwisho wake anayajua yote: aliyemuua ni baba yake, aliyemwoa ni mama yake. Usaliti hapo ulishatendeka zamani. Wazazi walimtoa mtoto akafe mlimani hata siku tatu hajamaliza, miguu imetobolewa na kufungwa pamoja, kwa kuogopa utabiri. Yeye amekuja kuukusanya ukiwa umeshaiva. Mkikutana na yule mama, mweleze habari za Edipode, nadhani ataipenda.

Hapo tumeshaingia kwenye swali lako la pili. Naomba uwe mpole na vitabu vya shule, vina mitihani ya kujibiwa. Lakini ile orodha ya kiburi cha huyu, wivu wa yule, tamaa ya mwingine, imewaponza wengi, kwa sababu inafanya tanzia ionekane kama daftari la zahanati: mgonjwa na ugonjwa wake. Neno la Aristotle, hamartia, asili yake ni kukosa shabaha, kama mpiga upinde. Anasema shujaa asianguke kwa uovu wa tabia. Aanguke kwa kosa. Na kosa, tofauti na tabia, linatendwa siku fulani, mahali fulani, mbele ya watu fulani. Uliza basi: lini, na nani alikuwepo?

Fungua Mfalme Lear mwanzo kabisa, kabla mfalme hajaingia. Gloucester anamtambulisha Edmund kwa rafiki yake. Anasema ameona haya mara nyingi kumkubali kuwa mwanawe, mpaka sasa amezoea. Anatania kuhusu mama wa kijana, kwamba alikuwa mzuri na kwamba kumtengeneza mtoto kulikuwa na burudani. Anamalizia kwa kusema kijana amekuwa mbali miaka tisa na atarudishwa huko tena. Edmund amesimama pale pale, anasikia. Anajibu kwa adabu. Ukurasa haujageuzwa, na kosa limeshatendwa kwa kicheko, na baba mwema kabisa. Edmund hakuagiza uongo wake kutoka mbali. Aliuokota sakafuni baba alipoudondosha. Gloucester anaamini kwa wepesi kwamba mwana anaweza kumchoka baba kwa sababu yeye mwenyewe ameshaonesha kwamba baba anaweza kumchoka mwana.

Lear ndiye nilimpenda ujana wangu na sasa ndiye ananiudhi zaidi, labda kwa kuwa nakaribia umri wake. Anawaita mabinti na kuwauliza nani anampenda zaidi, ili ampe sehemu nono ya nchi. Yaani yeye, mwenye nyumba, ndiye aliyeweka mizani mezani. Goneril na Regan wanatamka bei anayotaka kuisikia. Cordelia, anayempenda, anasema hana la kusema, anafukuzwa. Kinachofuata ni mizani ileile ikimrudia. Alijibakizia wafuasi 100. Goneril anawapunguza, wabaki 50. Anakimbilia kwa Regan, huko anaambiwa 25. Anageuka kurudi kwa Goneril, kwa kuwa 50 ni mara mbili ya 25, kwa hiyo upendo wake ni mara mbili. Msikilize mzee! Bado anahesabu. Wanashuka 10, watano, mpaka Regan anauliza hata mmoja wa nini. Mabinti hao ni wakatili, simtetei hata mmoja. Ila somo la hesabu walifundishwa na baba.

Lady Macbeth nitampitia haraka. Katika Makbeth, ambayo Mushi huyohuyo aliitafsiri 1968, mume ameshaamua kutomuua mfalme, ambaye ni ndugu yake na mgeni wake. Mke anamwambia yeye si mwanamume. Mtu wa nje angesema hivyo angepigwa upanga. Mke anajua pa kuchoma kwa sababu yeye ndiye anayelala na kidonda hicho.

Kwa hiyo dosari au msaliti? Ukinilazimisha kuchagua nitasema msaliti ni mkono na kosa ni mpini. Lakini sijaridhika na jibu langu, na aliyenizuia kuridhika ni Fumo Liyongo.

Hadithi unaijua. Sultani wa Pate alishindwa kumuua Liyongo kwa kila hila, mwishowe akamtumia mwana wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana akaenda kumuuliza baba ni kitu gani kinaweza kumdhuru. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo si Gloucester. Anang’amua kwamba kijana ametumwa na kwamba waliomtuma watamlaghai. Na hata hivyo anamtajia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anamchoma amelala. Liyongo anaamka, anashika upinde, anapiga goti karibu na kisima, mshale umepachikwa, anafia hapo. Na watu wa mji wanakaa na kiu wasithubutu kusogea, mpaka mama yake anapoletwa kumbembeleza. Mwana hakupewa alichoahidiwa. Emmanuel Mbogo aliigeuza habari hii kuwa tamthilia, lakini hata kwenye utenzi tayari ni jukwaa.

Hapo hakuna kosa la kutojua. Kuna baba anayeona njia imeliwa na anaipita vilevile. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini anajibu. Ninavyoelewa mimi, kumnyima mwana jibu kungekuwa kutamka kwamba hapa hakuna tena baba wala mwana, na Liyongo aliona bora sindano. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpigia kelele ukumbini kwamba ni mjinga. Simfundishi mtu afanye alivyofanya. Nasema tu kwamba mkimpa Mzee Masalu hata robo dakika ya kushuku, akamtazama Doto usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akasema “haya, soma,” hamtamsikia mtu akicheka.

Kabla sijafika kwenye mchezo wenu, vuka kwanza Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili 1980. Mwanzoni ina kila kiungo cha tanzia: mke hajapata mtoto, ndugu wa mume wanamsema na kumtukana, wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume na mke wanapendana, ndugu wako katikati. Shakespeare angezika watu. Kitereza anamfanya mume atengeneze pombe ya ndizi. Anakwenda kwa wakwe, analaumiwa mbele ya watu, anapangiwa malipo, anatafuta ndizi, anaomba msaada, anapeleka mitungi, mke anarudi. Ni kurasa na kurasa za pombe, na wanafunzi wangu walikuwa wakiziruka. Mimi nazipenda, kwa sababu zinaonesha penye kikao cha wazee tanzia inakosa hewa. Kila neno linasemwa likiwa na masikio kumi kando. Edmund angekuwa na kazi ngumu pale. Ndiyo maana kila mtunzi wa tanzia, kwa njia moja au nyingine, lazima kwanza avunje kikao. Ninyi hamkukivunja, mmesahau tu kukiweka. Mzee mwenye mitumbwi minne Kirumba hana mjomba? Hana jirani? Hana mwenyekiti wa mtaa? Mleteni mmoja aseme, “Mzee, tuite watoto wote wawili tukae,” na Doto ajibu kwa upole kwamba aibu hii ikitoka nje itafika mwaloni kabla ya jua. Mzee atakataa kikao yeye mwenyewe, kwa ajili ya heshima. Doto atakuwa hajasema uongo hata kidogo.

Jambo dogo kuhusu Doto. Mmemfanya shetani, na mashetani wanachosha. Ebrahim Hussein, katika Kwenye Ukingo wa Thim ya 1988, alichota kwenye kesi ya mazishi iliyoitikisa Kenya mwaka 1987, mjane akishindana na ukoo wa marehemu mumewe, Mjaluo, juu ya mahali pa kumzika. Mle hakuna ujumbe wa kughushi. Ukoo unakuja mchana kweupe, kwa jina la mila. Doto naye mpatieni kitu cha kuamini. Labda ni yeye aliyebaki nyumbani kumuuguza mama huku Kulwa akisifiwa kwa samaki. Labda tangu utoto kila kitu kilisemwa “Kulwa na Doto,” kamwe si “Doto na Kulwa.”

Na kosa la mzee? Mtumbwi wa kwanza aliupataje? Onesho la kwanza mmemweka anasali. Mwekeni anasimulia, kwa majigambo, wageni wakicheka, jinsi alivyomzidi ujanja kaka yake mkubwa Ukerewe akauuza mtumbwi wa baba yao mzee akiwa kitandani. Doto yuko pembeni anashona nyavu. Asiseme kitu. Aendelee kushona.

Kuhusu ujumbe wenyewe, acheni kughushi. Mzee macho yamechoka. Simu ni yake lakini anayeishika ni Doto. Ndiye anayemwekea vocha, anayemtajia salio, anayemsomea. Nusu ya ukumbi wana kijana wa hivyo nyumbani. Kulwa, upande wa pili wa jukwaa, aandike huku akisema kwa sauti: “Baba, injini ya mtumbwi wa tatu inazimika katikati ya maji, naomba tuuze ile ya zamani tununue spea, usiku huu asiende nao mtu.” Kisha simu ilie mikononi mwa Doto. Aitazame. Aigeuze chini. “Nani huyo?” “Si kitu, baba, ni Kulwa.” “Anasemaje?” “Nitakusomea kesho.” Na anapolazimishwa, asome maneno mawili matatu ya kweli, yaliyokatwa: “Naomba tuuze...” Anyamaze. Mzee atamalizia mwenyewe, kwa sauti ya kaka yake wa Ukerewe.

Kuna mtu kwenye kikundi atapendekeza Kulwa aokolewe. Mwambieni kwamba Nahum Tate aliufanyia Mfalme Lear hivyo mwaka 1681, akamwacha Cordelia hai akamwoza kwa Edgar, na jukwaa la Uingereza lilicheza toleo hilo kwa karibu miaka 150 kwa sababu watu hawakuuweza mwisho wa kweli. Kwa Shakespeare, Edmund akiwa anakufa anabadili nia, anatuma mtu mbio akazuie Cordelia asinyongwe. Anachelewa kidogo tu. Uchungu wote uko kwenye hicho kidogo.

Nanyi mnacho chenu. Mzee asife. Akianguka ameshika kifua watacheka tena, nawahakikishia. Baada ya Kulwa kufukuzwa, usiku, mzee anashindwa kulala. Anamwamsha Doto: “Nipigie Kulwa.” Hilo ndilo jibu la yule mama, mzee anapiga simu! Doto anabonyeza, anaweka sikioni mwake, anangoja. “Haipatikani, baba.” Sisi tumeona hakubonyeza jina lolote. Alfajiri, ukweli umeshajulikana, mzee anatoka na simu mkononi, anamkuta binti wa jirani anakwenda shule, anamwomba ampigie. Binti anapiga kweli, anaweka sauti kubwa, na sote tunaisikia ile sauti ya kike tunayoijua: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Binti anamrudishia simu, anamwambia labda bado yuko majini, babu, huko mtandao haufiki, jaribu tena saa mbili.

Mzee aseme asante. Taa zizimwe hapo, msimwongeze neno. Na siku mkiirudia, mtafuteni yule mama mumkalishe safu ya mbele.